Vichujio vitatu vya bure kwa simu ya kijana: CleanBrowsing, 1.1.1.3 na FamilyShield

Wazazi wengi wanaotaka kuzuia tovuti chafu huanzia kwenye ruta ya nyumbani, na wengi huishia hapo hapo. Lakini kijana wa sekondari ana laini yake na bando lake. Akizima Wi-Fi tu, ruta haina habari naye tena. Ndiyo maana hapa kila huduma inapimwa kwanza kwa namna inavyokaa ndani ya simu yenyewe.

Zote tatu zinafanya kazi kwa njia moja. Simu ikitaka kufungua tovuti, huanza kwa kuuliza seva ya DNS: tovuti hii iko kwenye anwani gani? Ukiielekeza simu kwenye seva inayokataa kutoa anwani za tovuti za ngono, ukurasa haufunguki. Hakuna programu ya kupakua, akaunti ya kufungua wala senti ya kulipa.

CleanBrowsing Family Filter ndiyo ya kwanza kwetu kwa simu ya kijana, na sababu yenyewe ni Google. Mtu akitafuta picha chafu, picha ndogo ndogo za matokeo zinatoka kwenye seva za Google wenyewe, kwa hiyo kichujio kinachozuia tovuti za ngono peke yake hakizigusi. CleanBrowsing inalazimisha Google na Bing zibaki kwenye utafutaji salama, hata kijana akijaribu kuuzima kwenye mipangilio ya Google. Pia inazuia tovuti za proksi na VPN, yaani njia za kukizunguka kichujio, na inafunga moja kwa moja tovuti zenye mchanganyiko wa safi na chafu kama Reddit.

Kwenye Android 9 na kuendelea, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mtandao na intaneti, utafute "Private DNS". Simu iliyowekwa Kiswahili itaiita DNS ya faragha. Kwenye Samsung imefichwa chini ya mipangilio ya ziada ya miunganisho. Kwenye Tecno na Infinix menyu hutofautiana kati ya toleo na toleo, basi andika tu "DNS" kwenye kisanduku cha kutafuta kilicho juu ya mipangilio. Chagua nafasi ya kuandika jina la mtoa huduma, uandike family-filter-dns.cleanbrowsing.org, kisha hifadhi. Kuanzia hapo kichujio kinafanya kazi kwenye Wi-Fi yoyote na kwenye bando pia.

Makosa yanayojirudia hapa ni ya kuandika. Nafasi hii inataka jina, haipokei namba kama 185.228.168.168, namba hizo ni za ruta. Haitaki "https://" mbele. Na kibodi za simu zina tabia ya kuongeza nafasi tupu mwishoni baada ya kukubali neno lililopendekezwa. Jina likikosewa herufi moja, simu itaonyesha Wi-Fi imeunganishwa lakini haina intaneti, na WhatsApp itagoma kabisa. Dalili hiyo hiyo hutokea kwenye Wi-Fi za baadhi ya hoteli na ofisi zinazofunga mlango namba 853, ambao DNS ya aina hii hupitia. Hapo kijana atarudisha mpangilio kwenye "Automatic" ili apate mtandao, na akifika nyumbani harudishi. Kila baada ya muda angalia tena, la sivyo utakuwa unaamini kichujio ambacho hakipo.

Ubaya wake ni ukali. YouTube inawekwa kwenye hali yenye vizuizi: maoni chini ya video hayaonekani kabisa, na video nyingine zisizo na tatizo, zikiwemo za afya ya uzazi, zinaweza kufichwa. Kwa kuwa toleo la bure halina akaunti, huwezi kuruhusu tovuti moja peke yake. Kijana wa miaka 16 au 17 anayesoma mambo ya kompyuta ataikosa Reddit na atalalamika, na ana haki. Kwa huyo weka Adult Filter ya CleanBrowsing, yaani adult-filter-dns.cleanbrowsing.org. Hii inazuia tovuti za ngono na kulinda Google na Bing, lakini inaiacha YouTube, Reddit na VPN.

Jambo jingine la kujua mapema: CleanBrowsing haionyeshi tangazo la "umezuiwa". Inajibu kwamba tovuti hiyo haipo, na Chrome inaandika DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN. Asiyejua atadhani mtandao uko chini na kuanza kumsumbua huduma kwa wateja.

1.1.1.3 ya Cloudflare ilitoka Aprili 2020 na ndiyo tunayoipendekeza kwa ruta ya nyumba nzima. Cloudflare ina vituo Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, kwa hiyo kwa mitandao mingi ya huku swali la DNS halihitaji kwenda Ulaya na kurudi. Ila ina makundi mawili tu: programu hasidi na maudhui ya watu wazima. Makini na namba ya mwisho: 1.1.1.1 haichuji chochote, 1.1.1.2 inazuia programu hasidi tu, na 1.1.1.3 ndiyo ya familia. Kwenye simu jina lake ni family.cloudflare-dns.com.

Kwenye ruta, fungua kivinjari uandike 192.168.1.1 au 192.168.0.1, MiFi nyingi za Huawei ni 192.168.8.1. Anwani na nywila ya kuanzia huwa kwenye kibandiko kilicho chini ya kifaa. Tafuta DHCP, sehemu inayovigawia vifaa anwani, kisha weka DNS ya kwanza 1.1.1.3 na ya pili 1.0.0.3. Watu huharibu kwenye hiyo ya pili: wanaweka 8.8.8.8 "kama akiba". DNS ya pili haingoji ya kwanza ife, maana vifaa vingi huuliza yoyote kati ya hizo mbili, na kichujio kitavuja leo na kesho kizuie, usijue tatizo liko wapi. Kama mtandao wako una IPv6, yaani anwani za mtindo mpya, jaza pia 2606:4700:4700::1113 na 2606:4700:4700::1003. Ukiziacha, simu itapewa DNS ya kampuni ya mtandao kupitia IPv6 na kukipita kichujio pembeni. Badilisha nywila ya ruta, kwa sababu kijana naye anajua kusoma kibandiko. Kisha zima na kuwasha Wi-Fi ya kila simu.

Baadhi ya ruta zinazotolewa na kampuni za fiba zimefungwa ukurasa huo. Waombe wakufungulie, au unganisha ruta yako mwenyewe nyuma ya yao.

Kujaribu, fungua nudity.testcategory.com. Ni tovuti ya majaribio ya Cloudflare, haina picha yoyote ya aibu, na ikifunguka ujue 1.1.1.3 haifanyi kazi. Kwa CleanBrowsing nenda google.com/safesearch, ukikuta alama ya kufuli, imeshika.

FamilyShield ya OpenDNS, kampuni iliyonunuliwa na Cisco mwaka 2015, ni 208.67.222.123 na 208.67.220.123. Inazuia ngono pamoja na proksi, bila kuigusa YouTube, kwa hiyo ni chaguo zuri la ruta kwa nyumba yenye vijana wajanja. Huonyesha ukurasa wa kuzuia, lakini kwenye tovuti za https, ambazo siku hizi ni karibu zote, unachokiona ni onyo jekundu la cheti cha usalama. Usibonyeze kuendelea.

Sasa matundu, na hapa ndipo huduma zote tatu zinalingana. Opera Mini, kivinjari kipendwacho kwa kubana bando, ikiwa kwenye hali yake ya kubana zaidi hupitisha kurasa kwenye seva za Opera. Seva hizo ndizo zinazouliza DNS, simu haiulizi, kwa hiyo kichujio chako hakioni chochote. VPN ni hivyo hivyo. Tanzania, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka watumiaji wa VPN wajisajili kufikia 30 Oktoba 2023, lakini agizo halizuii kijana kurushiwa faili la VPN na rafiki kwa Xender. Dawa ni Google Family Link, programu ya mzazi kusimamia simu ya mtoto: dai idhini kwa kila programu ya Play Store, zima programu kutoka vyanzo visivyojulikana, na izuie Opera Mini. Kwenye akaunti inayosimamiwa, Chrome haina hali fiche (Incognito). Ndani ya Chrome angalia pia "Use secure DNS". Ikiwa imechaguliwa mtoa huduma mwingine, kichujio kimeruka.

Picha na video zinazotumwa kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram hazizuiliki kwa DNS hata kidogo, labda ufunge programu nzima. Angalau zima upakuaji wa moja kwa moja, na kwenye faragha ya WhatsApp weka kwamba walio kwenye orodha yake ya anwani tu ndio wanaoweza kumwingiza kwenye grupu.

Kwa iPhone, DNS unayoiandika kwenye Wi-Fi inahusu Wi-Fi ile moja tu. Bando linabaki wazi. Anza na Screen Time ndani ya mipangilio, weka nambari ya siri tofauti na ya kufungulia simu, na chini ya Web Content chagua "Limit Adult Websites". Safari itaondoa kichupo cha faragha papo hapo.

Kamari nayo haimo kwenye orodha za bure za hizi tatu, na kwa Afrika Mashariki hilo ni pengo kubwa. Tovuti za kubeti ziongeze mwenyewe, moja moja, kwenye tovuti zilizozuiwa za Family Link. Kubeti kwa USSD au SMS hakupiti kwenye intaneti, kwa hiyo pale unafuatilia salio la M-Pesa.