Protea zangu zimeuawa na mbolea, halafu nikachekwa

Kitalu chenyewe kiko kando ya barabara kuu ya kutokea Kampala. Miche waliyoniuzia ilikuwa mizuri, hilo silifichi: ile protea kubwa, ua la taifa la Afrika Kusini, majani magumu yanang'aa. Ilipanda basi mpaka Kabale ikafika salama. Huku kwetu usiku ni baridi na udongo una uchachu, protea hupapenda. Nilikuwa tayari kuwasifia kila mahali.

Muda si mrefu majani yakawa manjano, ncha zikaungua. Nikapekua udongo wa mifukoni. DAP, mbolea ya fosforasi! Chembe zimezagaa hadi chini ya mizizi.

Mtu anayeuza protea atakosaje kujua? Mmea huu asili yake ni milima ya Cape yenye udongo fukara. Mizizi yake hutoa vishada vya nyuzi nyembamba za kusaka fosforasi kidogo iliyopo. Ukiumwagia fosforasi nyingi hunywa tu mpaka ujiue. Na DAP ina fosfeti asilimia 46! Hata Uganda tuna protea za porini, kwenye nyasi zinazochomwa moto kiangazi, na hakuna anayezipelekea mbolea. Mmea ambao moto ukiupitia huchipua upya kutoka kisiki chake cha ardhini, uje ufe kwa kijiko cha mbolea!

Nilirudi na mche uliokauka mkononi. Mama mwenye kitalu hakuutazama hata. "Nnyabo, ua bila mbolea ni mtoto bila uji. Umekuja kununua au kunifundisha kazi?" Wateja wakaangua kicheko.

Aliyenifuata getini ni kijana wao wa kumwagilia. Akanipa vipandikizi alivyoviotesha mwenyewe kwenye mchanga mtupu wa mto, homoni kidogo ya mizizi, kivulini, na akaningoja nimalize maswali yangu yote. Hata kwamba mbegu zake hufukizwa moshi ndipo ziote vizuri, alijua. Vipandikizi vyake vyote viko hai, vinatoa majani mapya.

Kwa ajili yake nilitaka kuwapa nyota tatu. Lakini nikikumbuka kile kicheko, hapana, moja, na hiyo moja ni ya kijana. Mkienda, muulizieni yeye, na udongo wa mfuko mwageni chini muukague kabla ya kutoa shilingi.