Panthéon ya Paris, usikose kushuka kule chini

Watu wengi wakifika Panthéon, lile jengo ambamo Ufaransa inawazika na kuwaenzi watu wake mashuhuri, wanapiga picha nguzo za mbele alafu wanaishia ile pendulum ya Foucault ukumbini, yaani tufe zito linalobembea kwenye waya mrefu, ambayo ni kali kweli, ilining'inizwa mara ya kwanza 1851 kuonyesha dunia inazunguka, lakini mi nasema utamu wote uko chini kwenye makaburi.

Aisee huko chini makaburi ya wanafalsafa Voltaire na Rousseau yametazamana, waandishi Victor Hugo, Zola na Dumas wamelazwa chumba kimoja, alafu mwanasayansi Marie Curie aliletwa 1995, mwanamke wa kwanza kuingia kwa kazi yake mwenyewe, yaani miaka yote hiyo ndo wanamkumbuka mwanamke? Hilo linaniuma mpaka leo.

Ila msipite haraka kwa Félix Éboué tafadhali. Huyu alizaliwa Cayenne, Guyana ya Ufaransa, akawa gavana wa Chad ilipokuwa koloni la Ufaransa, na 1940 akasimama na de Gaulle, jenerali aliyekataa kusalimu amri kwa Wajerumani, wakati wengi wamenyamaza, akaingizwa hapa 1949, mtu mweusi wa kwanza. Josephine Baker, yule mwimbaji na mcheza dansi, naye yupo tangu 2021, japo mwili wake ulibaki Monaco, hapa waliweka jeneza lenye udongo wa sehemu alizoishi. Mshairi Aimé Césaire ana bamba la kumbukumbu tu, yeye kalala kisiwani kwao Martinique.

Beba sweta, chini kuna baridi. Kupanda kubani ni ngazi zaidi ya 200 na majira ya baridi panafungwa. Nyota tano kwangu.