Nyumba Karibu na Kituo cha Mwendokasi: Tathmini ya Njia ya Kimara kwa Anayetaka Kununua

Dalali aliyetuonyesha nyumba ya kwanza, jirani na kituo cha Kona cha mabasi ya mwendokasi katika Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, alitupeleka siku ya Jumamosi saa nne asubuhi. Tulitembea kutoka getini hadi kituoni kwa dakika sita, basi likaja muda si mrefu, mimi na mke wangu tukapata viti, na tulipofika Posta ya Zamani, katikati ya jiji, bado tulikuwa tunajadili rangi ya kupaka sebuleni. Nusura tulipe arabuni siku hiyo hiyo. Aliyetuzuia ni shemeji yangu anayeishi Ubungo, ambaye alinisihi niende kituo kile kile peke yangu Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Nilikwenda. Jukwaa lilikuwa limejaa hadi kwenye mageti ya tiketi. Basi la kwanza lilifika likiwa limesheheni kiasi kwamba milango ilipofunguka hakuna aliyeshuka, na watu wawili tu waliokuwa mbele kabisa ndio walioweza kujisukumiza ndani, mmoja wao akiwa ameinua mkoba juu ya kichwa ili mlango upate kufunga. La pili lilipita bila kusimama. Katika la tatu sikufika hata mlangoni. Pembeni yangu alisimama mama mmoja na binti yake aliyevaa sare za shule, naye aliponiona natazama saa kila mara akaniambia kwa upole, "Kaka, ukisimama upande huu huendi leo. Njoo huku, tugeuze." Maana yake ni kupanda basi linalorudi Kimara, ambalo saa hizo huwa na nafasi, kwenda nalo hadi mwisho wa njia, kisha kubaki ndani linapogeuza kuelekea mjini. Tuligeuza. Niliingia mjini nikiwa nimekaa, ila dakika zaidi ya thelathini zilikwishapotea katika safari ya kurudi nyuma ili niweze kwenda mbele.

Tangu asubuhi hiyo nimebadili kabisa namna ninavyoitathmini nyumba iliyo kwenye njia hii. Matangazo yote hupima umbali kutoka nyumbani hadi kituoni, ilhali kinachoamua maisha ya mnunuzi ni kama kituo hicho kinampakia saa anayohitaji kuondoka. Basi la mwendokasi huanza safari Kimara likiwa tupu na hujaa mapema, kwa hiyo kadiri unavyoishi karibu zaidi na mjini, ndivyo asubuhi basi linavyokufikia likiwa limejaa zaidi. Bei za nyumba, kwa upande wake, hupanda kadiri unavyousogelea mji. Mnunuzi wa Kona au Kibo, kwa hiyo, anaweza kulipa zaidi ya yule wa Kimara Mwisho, halafu akasimama jukwaani akimtazama jirani yake wa mbali akipita dirishani ameketi.

Sisemi haya kwa kuubeza mfumo wenyewe. Anayekumbuka foleni ya magari ya Ubungo kabla ya Mei 2016, mabasi haya yalipoanza kazi, anajua kwamba njia hii ya takribani kilomita 21 iliwarudishia wakazi wa Kimara saa nyingi za maisha yao kwa nauli iliyoanzia shilingi 650, na Tuzo ya Usafiri Endelevu ambayo Dar es Salaam ilipewa mwaka 2018 ilistahili. Tatizo ni hesabu. Awamu ya kwanza ilipangiwa mabasi 305, huduma ikaanza na 140, na daladala zilizokuwa zikipita katika barabara hiyo kwenda katikati ya jiji ziliondolewa ili kuupisha mfumo mpya. Msongamano wa jukwaani umetokana na hapo: abiria ni wengi, mabasi ni pungufu ya yaliyokusudiwa, na njia mbadala ni chache.

Baada ya wiki tatu za kwenda vituoni asubuhi, kwa mtu anayefanya kazi Posta au Kariakoo, maoni yangu ni haya. Kimara Mwisho ndipo pazuri zaidi, kwa sababu foleni ni ndefu lakini inakwenda, na anayekubali kusubiri basi la pili au la tatu hupata kiti. Korogwe na Bucha panavumilika, kwa kuwa kugeuza kutoka hapo hakuchukui muda mrefu. Kuanzia Baruti kuja Kibo ningemshauri mnunuzi asikubali kulipa nyongeza yoyote ya bei kwa sababu ya ukaribu wa kituo. Shekilango na Manzese ni habari nyingine: basi huko hupandi kwa raha, lakini umbali uliobaki ni mfupi na bodaboda au bajaji huweza kukutoa bila kukufilisi. Anayeangalia Mbezi, ng'ambo ya Kimara, akumbuke kwamba safari yake huenda ikawa na vipande viwili, kwanza kufika Kimara, kisha kujiunga na foleni ile ile.

Ipo hatari nyingine ambayo dalali wetu hakuitaja hata tulipomuuliza moja kwa moja. Nyumba ya pili aliyotuonyesha, upande wa Stop Over, ilikuwa na bei nzuri isivyo kawaida na ilitazamana na barabara kuu. Kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, nyumba nyingi zilibomolewa mwaka 2017 kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na wapo wamiliki waliokuwa na imani kamili na karatasi zao hadi siku alama ya X nyekundu ilipochorwa ukutani. Hati ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa haikuwasaidia. Kwa yeyote anayevutiwa na nyumba ya kando ya njia hii, nguzo za mipaka ya hifadhi ya barabara zitafutwe kwa macho na uthibitisho uombwe kwa maandishi kwa wenye mamlaka ya barabara na ardhi, kabla ya kuzungumzia bei. Tulipomwomba dalali huyo atuonyeshe nguzo, simu yake haikupatikana tena.

Mvua nayo ihesabiwe. Mto Msimbazi unapofurika, maji hufunga barabara pale Jangwani, na mfumo mzima hukatika kati ya vituo vya Magomeni na Fire hata kama Kimara kwenyewe ni kukavu kabisa. Anayenunua Kimara, kwa namna fulani, amenunua pia mafuriko ya Jangwani, na siku hizo lazima awe na njia ya pili kichwani.

Hatimaye tulinunua Kimara, mwendo wa dakika kumi na nne kwa miguu kutoka kituo cha mwisho, katika mtaa wenye mlima unaochosha jioni. Bei yake ilikuwa chini ya ile ya Kona kwa shilingi milioni 38. Mimi hutoka saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, hukaa kitini, na hufika ofisini Posta mapema. Jioni hupandia Kivukoni basi linapoanzia, hivyo nako kiti hupatikana. Kwangu mimi huduma hii, pamoja na nyumba tuliyoichagua kwa ajili yake, imetimiza yote niliyotarajia.

Mke wangu anafanya kazi Magomeni. Asubuhi huondoka nami ameketi, lakini jioni mabasi ya Kimara humfikia pale Magomeni Mapipa yakiwa yamejaa kutoka Kivukoni na Gerezani yanakoanzia, na yale niliyoyaona mimi Kona asubuhi moja yeye huyakuta kila siku anaporudi. Siku nyingine hupanda basi la kwenda Gerezani ili ageuze, nyingine husubiri hadi saa mbili usiku jukwaa lipungue, na mtoto hulala kabla hajafika. Wiki zile tatu nilizozunguka vituoni nilikuwa nikipima safari yangu peke yangu. Sikumpeleka Magomeni hata mara moja saa kumi na moja jioni, tusimame pamoja na kuyahesabu mabasi yanayompita, kabla sijatia saini.