Uzoefu wangu: lenzi ya sonara na singe ya babu

Mimi si mtu wa silaha. Nimezaliwa Langoni, Lamu, na chuma cha kijeshi nilichowahi kukishika ni kimoja tu: singe ya marehemu babu, kile kisu kinachochomekwa mbele ya bunduki, aliyorudi nayo kutoka KAR, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni huku Afrika Mashariki, akaifanya kifuo. Mpini aliuchomeka kwenye tundu la gogo la mwembe uani, ncha juu, akafulia nazi. Kazi ikiisha aliichomoa, akaifuta, akaitundika kwa kamba ya usumba iliyopita kwenye kitundu cha mpini.

Alipofariki ikawa maneno. Ami alishikilia kwamba imefuliwa mwaka 1907, "na mwaka si huo hapo, soma mwenyewe." Kweli 1907 ilionekana. Lakini chini yake palikuwa na herufi nyingine zilizoliwa na kutu, na macho yangu si ya ujana tena. Ndiyo maana nikaagiza lenzi ya sonara kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni: shilingi 900, na 350 za kuisafirisha. Ilifika Mokowe kwa basi siku ya nne, ikavuka kwa boti.

Kwanza malalamiko. Boksi limeandikwa kwamba inakuza mara 30. Si kweli, na huhitaji fundi kukuthibitishia. Nilikaa barazani saa sita mchana nikaelekeza lenzi kwenye jua, karatasi chini yake, nikaisogeza mpaka nukta ya mwanga ikawa ndogo kabisa na karatasi ikaanza kutoa moshi. Rula ikasema sentimita mbili na nusu. Unagawa 25, ndizo sentimita ambazo jicho huhesabiwa kusomea bila lenzi, kwa hiyo mbili na nusu, unapata mara 10. Ya mara 30 kweli ingebidi iwe milimita nane hivi kutoka kwenye karatasi. Nilipomwandikia muuzaji akanijibu, "Ndivyo zilivyo zote, bosi." Basi.

Ila nikiwa mkweli, mara 10 ndiyo niliyoihitaji. Ukikuza zaidi ya hapo unaona kipande cha herufi na bahari ya kutu.

Taa yake ndogo ni kasoro ya pili. Inamulika kutoka juu moja kwa moja, chuma kinang'aa, na alama zisizo na kina zinapotea kabisa. Nilikaribia kuirudisha. Kisha nikaizima, nikachukua tochi ya simu nikailaza karibu sawa na bapa, mwanga upite kwa ubavu. Hapo kila herufi ikatoa kivuli chake. Nikapaka unga wa chaki kidogo, nikaufuta kwa kidole, weupe ukabaki ndani ya maandishi tu. Usiguse waya wa kusugulia sufuria! Nimeona mtu akisafisha kitu cha babu yake kikang'aa kama kijiko, na alama zote zikaenda na kutu.

Nilichosoma ni hiki, karibu na mpini: taji, chini yake GR, kisha 1907, kisha 9 '17, kisha WILKINSON, jina la kiwanda. Upande wa pili kuna X, taji dogo lenye namba na herufi E, na mshale wenye vidole vitatu kama unyayo wa kuku. Unyayo huo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. X inaonyesha bapa lilikunjwa kwa majaribio likarudi sawa. Taji dogo ni la mkaguzi, na E ni ya Enfield, kiwanda cha silaha cha serikali ya Uingereza.

Na 1907? Ni jina la muundo, si mwaka wa kufuliwa. Tarehe yenyewe ni 9 '17, yaani Septemba 1917. Ami hakukubali, mpaka nilipomwonyesha GR. Hiyo ni George Rex, Mfalme George. Mwaka 1907 Uingereza ilikuwa chini ya Edward wa Saba, na George wa Tano alikalia kiti mwaka 1910. Singe ya 1907 itabebaje jina la mfalme ambaye hajatawala? Ami alikaa kimya, akaomba kahawa.

Hata kile kitundu cha mpini, ambacho nyumba nzima tuliamini babu alikitoboa mwenyewe apitishe kamba, kilitoka nacho kiwandani. Vilianza kutobolewa mwaka 1916 ili uchafu uliojaa ndani utoke. Babu alikikuta tu.

Wanaoniuliza kuhusu bunduki zenyewe: Lee-Enfield za zama hizo, bunduki za Waingereza zilizobeba singe kama hii, zina maandishi kwenye pete ya chuma nyuma ya bolti (kile chuma kinachovutwa kupakia risasi), mbele ya kitako, upande wa kulia. Pale utaona taji, GR, kiwanda, na mwaka, na huo ni mwaka wa kutengenezwa kweli. Ukiona ShtLE III*, ile nyota ni ya toleo lililorahisishwa wakati wa vita. Na kwa ndugu zetu wanaosimulia bunduki za Wajerumani waliokuwa Witu, bara ya Lamu, zama za ukoloni: Mauser ya 1871 huwa na I.G.Mod.71 ubavuni, kwa herufi za Kijerumani cha kale. Lakini picha inatosha. Bunduki isiyo na leseni, hata kama imeoza, ni kesi. Mpigie simu polisi waje waichukue. Hata singe sikuthubutu kuipeleka Malindi kwa rafiki yangu anayejua mambo haya, kwa vizuizi vilivyoko njiani. Nilibana kamera ya simu kwenye lenzi nikampelekea picha, zikatoka safi.

Mfuko wa ngozi uliokuja na lenzi umebanduka, na bawaba imeshaanza kutu. Chumvi ya hapa haina huruma. Naipa nyota tatu na nusu.

Tangu Jumanne lenzi iko kwa ami. Ametoa reale za bibi sandukuni, zile sarafu za fedha zenye kichwa cha Maria Theresa, malkia wa Austria, na anamwambia kila apitaye kwamba zimepigwa mwaka 1780. Karibu zote huandikwa 1780, hata zilizopigwa karne moja baadaye. Bado sijamwambia.