The Eagle au Duke of Cambridge: baa mbili za London zenye jiko la maana

The Eagle ilifunguliwa mwaka 1991 barabara ya Farringdon, na wengi huitaja kama baa iliyoanzisha mtindo huu Uingereza: chakula cha mgahawa mzuri, bila kitambaa cha meza wala mhudumu aliyevaa tai. Jiko liko palepale nyuma ya kaunta. Unasimama ukisubiri bia huku nyama ikichomwa mbele yako, na orodha ya vyakula imeandikwa kwa chaki ukutani. Mlo wao maarufu ni Bife Ana, mkate uliojazwa nyama ya ng'ombe iliyolowekwa viungo. Unaagiza, unalipa, unatafuta kiti.

Duke of Cambridge ilifunguliwa Islington mwaka 1998 na Geetie Singh, ikiwa baa ya kwanza Uingereza kupata cheti cha kilimo hai kutoka Soil Association, shirika la Uingereza linalothibitisha mazao yaliyolimwa bila kemikali za viwandani. Hapo cheti kilibana kila kitu: mboga, nyama, hata bia na mvinyo. Viti na meza vilikuwa vya mitumba. Menyu ilifuata msimu, kwa hiyo nyanya mbichi wakati wa baridi hukuzitarajia.

Kwa utamu wa papo hapo na kelele za jioni, naipa The Eagle. Lakini iliyonigusa zaidi ni Duke, kwa sababu ilimfikiria mkulima kabla ya mlaji. Gharama ya msimamo huo ilionekana kwenye bili, na kwangu ilikuwa haki kabisa kuilipa.