TAHADHARI Lubumbashi: huyu komisioneri (dalali) wa asiransi (bima) anasainisha watu karatasi tupu

Ndugu zangu, huyu mtu bado anatembea mjini na kibegi chake cheusi. Leo asubuhi ameonekana tena kwenye garaje za barabara ya Kasenga akitafuta wengine. Gari yetu, Noah, iligongwa nyuma na lori la Zambia. Nasema tu huyu mtu alivyotukamata.

Alikuja siku ya pili, gari ikiwa juu ya jeki. Hakuanza na pesa. Alilala chini, akapitisha mkono nyuma ya parashoki (bampa), akasema: "Yaya, plastiki imerudi sura yake, lakini huku ndani chuma kimekunjika." Na ilikuwa kweli. Plastiki hubonyea na kurudi kama hakuna kilichotokea, kumbe boriti ya chuma iliyo nyuma yake imeingia ndani, sakafu ya buti pale pa gurudumu la akiba imefanya mawimbi, na ncha za shasi zimepinda. Fundi mwenyewe alikubali. Mtu anayejua chuma namna ile, nani angemdhania mwizi? Alikuwa na mhuri. Alikuwa na dosye (mafaili) za watu wengine mkononi. Hata polisi wa PCR, wale wa barabarani, alikuwa akiwaita kwa majina.

Ndipo akaleta uongo wake: plaketi (namba ya gari) ni ya Zambia, basi asiransi iko Lusaka, na Mkongomani halipwi bila mtu wa kufuatilia kule. Dola 80 za safari na sahihi mbili. Karatasi ya kwanza prokirasio, yaani ruhusa ya kutuwakilisha, ya pili kitansi, yaani risiti kwamba tumelipwa. Mahali pa kiasi patupu, mahali pa tarehe patupu. "Nitajaza kwa mashini, ionekane safi." Kalamu alishaifungua. Kidole gumba kilikaa juu ya mstari mmoja wa herufi ndogo, na mstari ule ndio uliosema malipo haya yanamaliza hesabu zote. Tulisaini juu ya boneti ya gari ya mtu mwingine, mbiombio, kwa sababu basi la kwenda mpakani Kasumbalesa eti linaondoka. Inauma hata kuandika. Miezi miwili baadaye, gisheni, dirishani pa ofisi ya asiransi, tulionyeshwa sahihi yetu wenyewe: dosye imelipwa, imefungwa.

Sikilizeni ukweli. Lori la Zambia linaloingia Kongo hubeba Kadi ya Njano ya COMESA, yaani asiransi inayovuka mipaka ya nchi wanachama. Kadi ile inamlipa mtu wa tatu, yaani mtu wa nje aliyeumizwa au kuharibiwa mali na lori hilo, kwa sheria ya nchi ajali ilipotokea, na dosye inashughulikiwa hapa hapa Kongo na ofisi ya taifa ya kadi hiyo. Lusaka huendi. Piga picha kadi kabla lori halijaondoka: nambari, kampuni, tarehe ya mwanzo na ya mwisho, na uangalie kama Kongo haikukatwa kwa mstari kwenye orodha ya nchi. Piga picha plaketi ya kichwa na ya trela pia, mara nyingi hazifanani. Kama aliyekugonga ni wa hapa, fuata asiransi yake. Yako, ikiwa ni risponsabilite sivili peke yake, yaani ile inayolipa hasara unayowasababishia wengine, hailipi bati lako hata franka moja.

PV, ile ripoti ya ajali ya polisi, isomwe kabla hamjaachana nao. Mchoro uonyeshe nani alikuwa nyuma na magari yalisimama wapi. Neno moja kama "alirudi kinyume" linakuhamishia kosa lote au nusu yake. Chukua nakala, ile yenyewe usimpe mtu njiani.

Garajeni, msiguse kitu kabla eksperti, mkaguzi wa asiransi, hajafika. Akifika, parashoki ifunguliwe mbele yake. Hapo ndipo watu wengi wanapoteza: asipofungua, anaandika plastiki na rangi tu, halafu boriti, sakafu na shasi vinakuwa juu yako. Vipande vya zamani mviweke, visiuzwe chuma chakavu. Na shingo! Mtu akigongwa nyuma anaweza kujiona mzima, kesho yake asiweze kugeuza kichwa. Nenda kwa daktari, pata setifika, kisha ndiyo uzungumze malipo, maana kitansi ya mwisho inaweza kuzika na matibabu pia.

Dalili zake? Anakuja bila kuitwa. Anataka PV yenyewe. Ukisema "twende wote gisheni" anapata simu ya haraka. Kurtie (wakala wa asiransi) wa kweli ana kibali cha ARCA, mamlaka inayosimamia asiransi Kongo, na hakasiriki ukiomba kukiona. Huyu alikasirika, na sisi tukaomba msamaha! Kutangaza ajali hakulipiwi, hizo dola 80 zilikuwa wizi tupu.

Afungwe. Simtaki arudishe pesa kimyakimya kisha kesho asimame garaje nyingine na kibegi kile kile. Escroquerie (utapeli) ni kifungu cha 98 cha sheria ya adhabu, abus de confiance (kuvunja uaminifu) ni cha 95, na karatasi zetu ziko parke, kwa mwendesha mashtaka, tayari. Na aliyempa orodha ya magari yaliyogongwa naye atajwe, kwa sababu hakuota garaje yetu usingizini.

Wengine mliosainishwa, leteni nakala za PV na ujumbe wa pesa mliyomtumia kwa simu, Alhamisi saa tatu asubuhi, garaje ile ile. Mama mmoja wa Katuba ameshakuja na yake: prokirasio ile ile, mhuri ule ule.