Kozi iliyoniondolea brashi nyembamba

Kwa miaka minne nimechora nyuso kwa rangi za mafuta, na zote zilinishinda pale pale: machoni. Nilikuwa naanza na kope, nafuata mboni, naingia kwenye nyusi unywele kwa unywele, mwishowe sura inakauka kama picha ya kitambulisho. Ndiyo maana nilijiunga na kozi hii ya video, masomo sita, inayofundisha kuchora uso kwa maumbo machache na mipigo mipana ya brashi.

Somo la pili ndilo lililonifungua. Unashika brashi bapa, upana wa vidole viwili, kisha unamtazama mtu huku umefinya macho mpaka vitu vidogo vipotee. Nilimkalisha bibi yangu karibu na dirisha. Nilipofinya macho, tundu la jicho, ubavu wa pua na shavu la upande wa giza viliungana vikawa kivuli kimoja. Nikakipaka kwa mkupuo, kahawia iliyokolea, bila kuchora jicho lolote ndani yake. Niliporudi nyuma hatua tatu, bibi alikuwa ananitazama. Machozi yalinitoka.

Rangi zinazotumika ni nne tu, zile zinazohusishwa na Anders Zorn, mchoraji wa Uswidi (1860–1920): nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu na nyeusi. Buluu haimo, lakini nyeusi ukiichanganya na nyeupe, kisha ukaiweka kando ya nyekundu na manjano, jicho linaiona kama buluu. Kwa mchanganyiko huo nilipata mvi za bibi, hata weupe wa jicho lake, ambao kumbe ni kijivu.

Kasoro zipo. Mwalimu anapochanganya rangi, mkono wake unaziba kamera, na hapo ndipo nilipohitaji kuona zaidi. Nimemwaga rangi nyingi kwa kubahatisha. Pia kanuni ya kuanza na tabaka lenye mafuta kidogo na kuongeza mafuta kadiri unavyopanda ameigusia kwa sentensi moja tu, ilhali ukiikiuka picha inaweza kupasuka baadaye. Kama hujawahi kushika rangi za mafuta, jifunze hilo kwanza kwingine.

Picha ya bibi bado haijakauka. Mdomo wa chini ni mpigo mmoja, umepinda kidogo kushoto, na nimekataa kuugusa tena.